Kabla Hujarudi Berlin na Kupanga Nyumba

Mgeni wa Berlin huuliza kila kitu. Anayerudi haulizi, na ndiye anayeumia. Anaukumbuka mji, anajua treni ipi inapita wapi, basi anajiona mwenyeji. Mimi niliishi kitongoji cha Wedding miaka mitatu, nikaondoka Machi 2019, nikarudi Oktoba 2022 na kichwa kikubwa. Mengine ya humu niliyajua tangu zamani, mengine niliyalipia.

Uwanja wa ndege umehama. Ule wa Tegel, ambao ulikuwa unapanda basi hadi Kurt-Schumacher-Platz ukadaka treni ya U6 na umefika, ulifungwa Novemba 2020. Sasa unatua uwanja mpya, BER, kule Schönefeld, na huko ni kanda C ya nauli. Tiketi ya kanda A na B pekee haikufikishi. Wapo wakaguzi wanaovaa nguo za kawaida, na faini ni euro 60.

Ukiandikiwa anwani, itazame kwenye ramani ya leo, si ya kichwani mwako. Katika mtaa uitwao wa Kiafrika pale Wedding, Lüderitzstraße iligeuka Cornelius-Fredericks-Straße mwishoni mwa 2022. Petersallee, ambayo awali ilipewa jina la Carl Peters, mkoloni yuleyule wa Kijerumani tunayemjua Afrika Mashariki, Agosti 2024 ilikatwa vipande viwili, na kimoja sasa kinaitwa Maji-Maji-Allee. Nilisimama chini ya kibao kile muda mrefu kuliko nilivyotarajia. Lakini turudi kwenye nyumba.

Soma tangazo la pango kwa makini. Kaltmiete ni kodi ya kuta tu. Warmmiete inaongeza maji, taka, usafi wa ngazi na kwa kawaida joto la nyumba. Umeme na intaneti mara nyingi unajitegemea. Amana isizidi Kaltmiete ya miezi mitatu, ndivyo sheria inavyosema, na una haki ya kuilipa kwa awamu tatu. Usitume hata senti kwa nyumba ambayo wewe au mtu unayemwamini hajaiingia. Mwenye nyumba "aliye nje kikazi" anayetaka kukutumia funguo kwa posta ni tapeli. Usimpe nafasi ya kujieleza.

Na "bila samani" maana yake bila samani kweli. Unaweza kukuta jikoni bomba limetoka ukutani na sinki hakuna, na darini nyaya zinaning'inia bila taa. Uliza mapema kama kabati za jikoni zinabaki, maana mpangaji anayeondoka huenda akataka kukuuzia.

Ukipangishwa na mpangaji mwenzako, omba uone ruhusa ya maandishi ya mwenye nyumba. Ukishahamia una siku 14 za kujiandikisha Bürgeramt, ofisi ya huduma kwa wakazi. Kujiandikisha huko kunaitwa Anmeldung, na utahitaji fomu iliyosainiwa na aliyekupa nyumba. Ofisi yoyote ya Berlin inafaa, usisubiri ya mtaani kwako. Weka miadi mapema. Anayekupangisha akikuambia "kaa tu ila usijiandikishe", chukua begi lako utoke. Bila karatasi ya kujiandikisha, kufungua akaunti ya benki, kufuatilia kibali cha ukaazi, karibu kila kitu kinakuwa mlima.

Sasa nisikilize vizuri hapa: kabla hujarudi, jiulize uliondokaje.

Mimi niliondoka vizuri, au ndivyo nilivyodhani. Godoro niliuza, baiskeli niligawa, funguo nikarudisha, kampuni ya simu nikaiarifu, marafiki tukaagana hadi usiku wa manane. Sikwenda kujiondoa kwenye daftari la wakazi. Hiyo inaitwa Abmeldung, na unaruhusiwa kuifanya kuanzia wiki moja kabla ya kuhama hadi wiki mbili baada yake. Niliijua. Niliona ni upuuzi. Nani anakwenda kumuaga karani?

Sasa, Ujerumani kila nyumba inalipa ada ya redio na televisheni za umma, uwe na televisheni au usiwe nayo. Wakati ule ilikuwa euro 17.50 kwa mwezi, na tangu Agosti 2021 ni 18.36. Nilikuwa nakaa peke yangu, kwa hiyo ada ilikuwa kwa jina langu. Daftarini bado niliishi Wedding, kwa hiyo mita iliendelea kusoma. Barua za kunidai zilikuwa zinakwenda kwenye nyumba ambayo kengele yake ilishaandikwa jina la mtu mwingine.

Nikarudi, nikapata chumba kizuri, nikajiandikisha kwa mbwembwe. Wiki tatu hazijaisha, bahasha nene hiyo. Miezi 28 ya bei ya zamani na 14 ya bei mpya: euro 747 na senti nne, halafu adhabu za kuchelewa zimepandishwa juu yake. Na mimi hata redio sikuwa nayo.

Ilinichukua miezi minne kujinasua. Nilikusanya mihuri ya pasipoti, mkataba wa kazi, mkataba wa pango wa nyumba niliyoishi nilipokuwa nje. Kila karatasi ikatafsiriwa, nikaomba nihesabiwe nimehama tangu Machi 2019, barua zikaenda kwa rejista ili mtu asije akasema hazikufika. Miezi wakaifuta, baadhi ya adhabu nikalipa. Pesa ile ilikuwa imetengwa kwa ajili ya kitanda. Nililala kwenye godoro la kujaza upepo mpaka Februari, na lilikuwa linatoboka.

Kwa hiyo kama uliondoka kimyakimya, shughulikia kabla ya kupanda ndege. Waandikie Bürgeramt barua ya kujiondoa ukiwa hukohuko uliko. Ukipata cheti cha kujiondoa, kipige picha, kitunze pamoja na pasipoti. Kisha waandikie wakusanyaji wa ada ya redio na televisheni nao peke yao. Usidhani ofisi moja itaiambia nyingine. Tafuta pia namba yako ya zamani ya kodi ya mapato, ile ya tarakimu 11. Ni ya maisha, usihangaike kuomba nyingine.

Siku ya kukabidhiwa nyumba piga picha kila mkwaruzo, andika usomaji wa mita zote, na wote wawili msaini. Kisha, kabla hujafungua begi, bandika jina lako kwenye sanduku la barua na kwenye kengele. Ndani ya jengo la Berlin, mlango wa kila nyumba kwa kawaida hauna namba; mleta barua anatafuta jina, asipoliona barua inarudi ilikotoka. Karatasi na gundi vinatosha kwa siku ya kwanza.

Yaliyobaki unayajua, ila yakumbuke. Majira ya baridi fungua madirisha wazi kabisa dakika chache, mara kadhaa kwa siku, la sivyo kuvu itapanda ukutani na utaambiwa ni uzembe wako. Kuanzia saa nne usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi, kimya. Jumapili usitoboe ukuta, na chakula nunua Jumamosi kwa sababu maduka mengi yatakuwa yamefungwa. Usisaini usichokielewa hata kama anayekupa kalamu anatabasamu. Na ukitoka kutupa taka, hata kama ni kwenye pipa la uani, beba funguo: mlango wa nyumba ukijifunga nyuma yako haufunguki kwa kitasa, na fundi wa kufuli anayekuja Jumapili usiku mpatane bei kwa simu kabla hajaondoka kwake.