Namna ya Kupima Hisia Zinazosikika katika Muziki, Sekunde kwa Sekunde

Mwongozo huu umetokana na kumsaidia mwanafunzi wa uzamili aliyetaka kujua ni wapi, katika wimbo wa taarabu wa dakika 12, wasikilizaji huona huzuni ikigeuka kuwa faraja. Dodoso la mwishoni halikumfaa, kwa kuwa jibu moja haliwezi kubeba dakika zote hizo.

Hatua ya 1: Swali. Muulize msikilizaji muziki unaeleza hisia gani, wala si yeye anahisi nini. Mtu aweza kutambua kuwa fidla inalia ilhali moyo wake umetulia, na maelekezo yakichanganya mambo hayo mawili, hakuna hesabu itakayoyatenganisha baadaye.

Hatua ya 2: Uwanja wa kujibia. Napendelea mraba wenye mihimili miwili, uliojengwa juu ya nadharia ya hisia aliyoichapisha mwanasaikolojia James Russell mwaka 1980: mlalo huanzia hisia chungu hadi tamu, wima huanzia utulivu hadi msisimko. Orodha ya maneno ya hisia, mfano ile ya mwanasaikolojia Kate Hevner ya mwaka 1936, hufaa wimbo ukiisha. Msikilizaji akisogeza kipanya cha kompyuta ndani ya mraba, rekodi mahali kilipo mara mbili kwa sekunde.

Hatua ya 3: Mpe msikilizaji wimbo mwingine wa mazoezi.

Hatua ya 4: Kuoanisha saa. Hapa tulipoteza siku mbili nzima, kwani grafu ilionyesha msisimko ukipanda katikati ya kiitikio, ilhali kiitikio chenyewe kilikwisha kuingia sekunde kadhaa kabla. Ucheleweshaji ulikuwa wa aina mbili. Wa kwanza ni wa mashine: hedifoni zisizo na waya huchelewesha sauti, kwa hiyo tumia zenye waya. Wa pili ni wa binadamu, ambaye kwa kawaida huchukua sekunde 1 hadi 3 kusikia, kuamua na kusogeza mkono. Sauti ikipaa ghafla hujibu upesi zaidi. Kwa sababu hiyo usisogeze mstari wote wa majibu kwa kipimo kimoja, bali jaribu ucheleweshaji wa sekunde 0 hadi 5 kwa kila sifa ya muziki, ukubwa wa sauti peke yake na mwendo (kasi ya wimbo) peke yake. Kabla ya hapo, badili data iwe tofauti kati ya kila nukta na iliyoitangulia. Mkono hauruki, kila nukta hufanana na jirani yake, na usipofanya hivyo hata mistari isiyohusiana itaonekana kuwa na uhusiano mkubwa. Aidha, ondoa sekunde 15 za mwanzo, ambapo msikilizaji bado anatafuta pa kusimama.

Hatua ya 5: Kuchora. Tumia R, programu ya takwimu. Kusogeza safu kwa mkono katika Excel huzaa makosa yasiyoonekana. Chora mstari wa kila mtu chini ya mstari wa wastani, kwa sababu nusu wakipanda na nusu wakishuka, wastani hulala kana kwamba hakuna kilichosikika. Katika taarabu, hali hiyo yaweza kutokea penye fumbo: mmoja asikia mapenzi, mwenzake asikia kijembe. Rudi kwa wasikilizaji hao, wachezee mshororo huo tena, na uwaulize walisikia nini.