Ukienda Oman ukidhani unaenda Unguja

Mara ya kwanza niliposhuka Muscat, dereva wa teksi alinisikia nikiongea na simu. Akasubiri nimalize, kisha akauliza bila kugeuka: "Wewe mtu wa Tanga, siyo?" Nilifurahi mno. Tukapiga soga njia nzima, nikasahau kabisa kuuliza nauli. Nililipa karibu mara mbili ya kile ambacho wenyeji wangu waliniambia baadaye kuwa ni halali. Simlaumu, mwenye kusahau bei ni mimi. Siku hizi naita gari kwa programu ya OTaxi, bei inaonekana kabla sijapanda, na soga bado ipo, maana udereva wa teksi Oman ni kazi ya raia na baadhi yao wamelelewa kwa Kiswahili.

Nawaandikia ndugu zangu mlioko Ulaya na Marekani mnaopanga kwenda kutembea huko, awe amekualika rafiki wa kazini au shemeji. Mmarekani asiyejua chochote husoma kanuni zote kabla ya kupanda ndege. Sisi tunasikia "karibu, pita ndani", tunaona mandazi na mishkaki barabarani, tunalegea. Hapo ndipo tunapoteleza.

Anza na pasi uliyoshika mkononi. Mwenye pasi ya Uingereza au Marekani huingia kutalii kwa siku 14 bila viza, akiwa na tiketi ya kurudi, mahali pa kulala na bima ya afya. Mwenye pasi ya Tanzania au Kenya aliyepewa ukaazi Ujerumani asidhani kile kibali kimemgeuza Mjerumani. Afungue mapema tovuti ya viza ya Polisi ya Kifalme ya Oman, ndio wanaosimamia jambo hili, aangalie masharti ya uraia wake. Zipo tovuti za madalali zinazofanana na ile ya serikali, na zinatoza zaidi. Pasi iwe na uhai wa miezi 6 au zaidi. Ukipitiliza siku, faini ni rial 10 kwa kila siku. Na viza ya matembezi si ya kazi, hata mwenyeji wako aseme nini.

Wengi wetu huunganisha safari: wiki mbili nyumbani, kisha Oman, kisha kurudi kwenye baridi. Ukipitia nchi yenye homa ya manjano, beba cheti cha chanjo. Chanjo huanza kuhesabika baada ya siku 10, kwa hiyo usichome siku moja kabla ya safari. Ukishachanja, cheti ni cha maisha; utaratibu huo ulianza 2016.

Sasa begi. Mirungi, hata kishada kimoja cha kukata usingizi, kule ni dawa za kulevya. Mafuta ya bangi yanayouzwa wazi madukani Ulaya, yale ya CBD, yaache kabatini. Dawa za maumivu zenye kodeini au tramadol zinadhibitiwa: ziwe ndani ya boksi lake, pamoja na barua ya daktari. Tena ukipita Dar au Mombasa hakukosi mtu wa kukuletea kifurushi: "Mpelekee dada yangu, ni ubuyu tu." Fungua mbele yake. Akinuna, anune. Wewe ndiye utakayesimama forodhani.

Fedha yao itakuchanganya kidogo. Rial 1 ina baisa 1000, na tangu 1986 imefungwa kwenye dola: rial 1 ni kama dola 2.60. Bei huandikwa kwa tarakimu tatu baada ya nukta. Ukiona 2.500 usishtuke wala usicheke. Ni rial mbili na nusu, sawa na dola sita na nusu. Umeme ni kama wa nyumbani, plagi ya miguu mitatu bapa, kwa hiyo anayetoka Marekani au Ujerumani ndiye atakayehitaji adapta.

Simu ndiyo iliyonipa hofu kuliko vyote. Oman ina sheria ya makosa ya mtandao tangu 2011, na tusi la kwenye WhatsApp linaweza kukufikisha mahakamani kama tusi la barabarani. Ile tabia yetu ya kumchamba mtu kwenye grupu, au kwenda laivu ukilalamikia hoteli, iache. Sultani hasemwi vibaya, wala kwa mzaha. Usipige picha majengo ya serikali, bandari wala askari. Mwanamke usimpige picha bila ruhusa. Na ninyi akina dada mkialikwa harusi, ukumbi wa wanawake ni mahali ambapo wenyewe wamevua abaya wakabaki na nguo za sherehe; simu ikae kwenye mkoba.

Kuhusu majira, nenda kati ya Novemba na Machi. Pwani ya Oman wakati wa kiangazi si joto la Dar. Mwezi wa Juni 2018, mji wa Quriyat, kusini ya Muscat, ulikaa saa 24 nzima bila joto kushuka chini ya nyuzi 42.6, usiku ukiwemo. Asiyeweza kwenda ila likizo ya shule ya Julai na Agosti aende Salalah, kiasi cha kilomita 1000 kusini, ambako wakati huo kuna manyunyu ya khareef, msimu wao wa mvua, milima ni ya kijani na minazi imejaa hadi utadhani uko Pangani.

Ramadhani ya 2027 inatarajiwa kuanza karibu na tarehe 8 Februari, kutegemea mwandamo. Kula, kunywa au kuvuta sigara hadharani mchana ni kosa la jinai, kwa Mwislamu na asiye Mwislamu. Mimi nauona ni mwezi mzuri wa kwenda ikiwa umealikwa na familia, kwa sababu usiku mji unaamka. Ikiwa ni utalii wa kuzunguka mchana, chagua mwezi mwingine.

Mapumziko ya wiki ni Ijumaa na Jumamosi, na Ijumaa karibu na adhuhuri karibu kila kitu kimefungwa. Soko la mji wa Nizwa ndilo la kufukuzia Ijumaa: alfajiri mbuzi wanazungushwa kwa kamba na wanunuzi wamekaa duara. Ukifika saa tano umekuta mavi tu.

Na hapo kwenye saa, hakikisha. Mzee wa Kiswahili akikwambia uje "saa mbili usiku" anaweza kuwa na maana yetu. Mjukuu wake akikuandikia "saa 2" ana maana ya mchana, saa nane. Niliwahi kuchelewa chakula cha mchana kwa saa sita. Wali waliniwekea.

Nguo si jambo gumu: mabega na magoti yafunikwe, wanaume pia, kaptula ni za ufukweni. Nje ya misikiti mwanamke mgeni halazimishwi mtandio. Kwenye Msikiti Mkuu wa Sultan Qaboos jijini Muscat, uliofunguliwa 2001, wasio Waislamu huingia saa mbili hadi saa tano asubuhi isipokuwa Ijumaa, na mwanamke afunike nywele, mikono hadi viganja, miguu hadi vifundo.

Waislamu wenzangu, mtawakuta watu wanasali mikono wameiteremsha, na baada ya Fatiha hawaitikii amin. Hao ni Waibadhi, madhehebu ya masultani wa Unguja. Wasuni wanasali nao safu moja. Usimkosoe mtu msikitini. Wakristo, yapo makanisa Ruwi na Ghala, mitaa ya Muscat, kwenye ardhi iliyotolewa na serikali, na ibada nyingi ni Ijumaa. Ila kugawa vipeperushi vya dini mitaani hairuhusiwi.

Nyumbani kwa watu ndiko Kiswahili kitakusaidia, na ndiko kitakakokuponza. Wazee wengi waliondoka Unguja baada ya Mapinduzi ya Januari 1964, baadhi wakiwa wameacha makaburi yasiyojulikana. Wengine hawakutoka Unguja kabisa. Walikuwa Tabora, Kigoma, Bujumbura, na hao wa Bujumbura utawasikia wakichanganya Kiswahili na Kifaransa. Sultan Qaboos alipoingia madarakani 1970 aliwaita Waomani walioko nje warudi. Kwa hiyo usimwambie mtu "kumbe wewe Mzanzibari!" kana kwamba umegundua kitu. Yupo atakayefurahi, yupo atakayeona umemvua uarabu wake. Mwache ajitaje mwenyewe. Mapinduzi na biashara ya utumwa usiyaanzishe wewe. Mzee akitaka kusimulia atasimulia, na akianza, sikiliza. Mimi nilijifanya najua historia, nikamjibu mzee mmoja kwa yale niliyofundishwa darasa la sita. Sebule ilinyamaza mpaka mwanawe alipoleta kahawa.

Vua viatu mlangoni. Toa salamu kwa wote, kisha shika mikono kuanzia kulia. Mwanamke asiponyoosha mkono, weka wako kifuani. Wazee waliotoka pwani yetu ukiwapa "sabalkheri" watatabasamu. Usimuulize mwanamume habari za mkewe kwa jina, "nyumbani hawajambo?" inatosha. Zawadi nzuri ni kitu cha kwetu: khanga zenye jina la maana, karafuu, kashata. Nilibeba chokoleti za Uswisi, watoto wakashukuru. Khanga ndizo zilizomliza bibi.

Tende au halwa kwanza, kwa mkono wa kulia, kisha kahawa chungu yenye iliki ndani ya kikombe kidogo kisicho na mkono. Kikombe kikiisha kitajazwa tena, na tena. Kusema "asante, nimetosheka" hakusaidii. Kitikise kikombe kulia na kushoto unaporudisha, anayemimina ataelewa. Mimi nilimaliza saba kabla mtoto wa nyumba hajanihurumia akanionyesha.

Mwishoni kitaletwa chetezo cha udi. Kwao hiyo ndiyo ruhusa ya kuondoka, na baada ya udi haikaliwi tena, hata kama mazungumzo bado matamu. Kikifika kwako, jifukize shati na mtandio, kipitishe kwa jirani, aga, katafute viatu.