Gari lililonyanyuliwa na tairi kubwa: stabilaiza ya usukani ifungwe lini?

Ukiniuliza kama gari ulilolinyanyua na kulivalisha tairi kubwa linahitaji stabilaiza ya usukani, nami nitakuuliza kwanza: mbele lina ekseli nzima, yaani mhimili mmoja unaounganisha magurudumu mawili, au kila gurudumu linajitegemea? Kama magurudumu yanajitegemea, mara nyingi hakuna haja nayo, na pesa yako ni bora iende kwenye alaimenti, yaani kupanga pembe za magurudumu. Kama ni ekseli nzima, mfano Land Cruiser 70, Jeep Wrangler au Suzuki Jimny, stabilaiza ina kazi. Tena magari ya aina hiyo mengi hutoka nayo kiwandani.

Yenyewe ni shokapu iliyolazwa. Ncha moja hushika ekseli au chasisi, nyingine hushika fimbo za usukani. Tairi ikigonga jiwe, shokapu hiyo hupunguza makali ya kishindo ili usukani usikuponyoke. Tairi kubwa ni nzito, na rimu zilizotoka nje huipa nguvu zaidi ya kupindua usukani, kwa hiyo msaada huo unauhisi kabisa.

Lakini stabilaiza haitibu mtetemeko. Hili nililijifunza kwa gari langu mwenyewe, lililopandishwa inchi 3 na kuvaa tairi za inchi 35. Kila nikipita kwenye kiungo cha daraja kwa mwendo wa 80 hivi, mbele kote kulianza kutikisika, usukani ukipiga kushoto kulia, na hakukuwa na dawa ila kupunguza mwendo mpaka karibu kusimama. Nikafunga stabilaiza mpya. Gari likatulia miezi minne, kisha mtikisiko ukarudi mkali kuliko mwanzo. Nilipoingia chini na tochi, niliona unga wa kutu mwekundu umezunguka bolti ya panadi rodi, ile fimbo inayoizuia ekseli isihame pembeni. Nilipoichomoa bolti, tundu lilikuwa limeshakuwa na umbo la yai, kingo zinang'aa kama sarafu. Miezi minne yote ile tundu liliendelea kuliwa, nami nikidhani nimepona.

Ndiyo maana nakwambia: vua stabilaiza kwanza, ndipo utafute ugonjwa. Gari likiwa limesimama kwa matairi yake, vuta breki ya mkono, zuia tairi za nyuma kwa kabari, washa injini. Mwenzako acheze na usukani kidogo kidogo, kushoto kulia, bila kuukata hadi mwisho. Wewe tazama kila kiungo kwa tochi, vidole mbali. Ukiona bolti inasogea ndani ya tundu lake, au bushi (mpira wa ndani ya kiungo) inatangulia na fimbo inafuata, umempata mwizi. Kisha zima, inua mbele, ulikalishe gari juu ya stendi, usiliamini jeki peke yake. Shika tairi juu na chini, litikise: likicheza, shuku beringi, au boljointi na kingipini, viungo ambavyo gurudumu hugeukia. Shika kushoto na kulia: likicheza, shuku tairodi endi, kiungo cha ncha ya fimbo ya usukani. Balansi ya tairi nayo ikaguliwe, maana tairi kubwa ikikosa balansi huanzisha mtetemo mapema.

Jambo ambalo mafundi wengi wanaliruka ni kasta, yaani ulalo wa mhimili ambao gurudumu hugeukia. Tazama uma wa mbele wa baiskeli ulivyolala nyuma kidogo. Ulalo huo ndio unaoifanya baiskeli ishike njia hata ukilegeza mikono. Ukipandisha springi, ekseli nyingi hujizungusha na ulalo huo hupungua. Gari linakuwa jepesi mbele, linatangatanga, na usukani haurudi wenyewe baada ya kona. Dawa yake ni bushi za kurekebisha kasta au mikono ya ekseli (fimbo zinazoishikilia kwenye chasisi) inayorekebishika, kisha alaimenti upya. Stabilaiza hapo itaufanya usukani uwe mzito tu.

Gari likienda sawa bila stabilaiza, kwa mwendo wa taratibu kwanza halafu ukiongeza, sasa ifunge. Magurudumu yakiwa yametazama mbele, fimbo ya stabilaiza iwe katikati ya urefu wake, ibaki nafasi ya kutosha pande zote mbili. Kata usukani hadi mwisho kushoto, kisha kulia. Kinachotakiwa kuuzuia usukani ni stopa (vizuizi) za ekseli, si stabilaiza kufika mwisho. Ikifika mwisho kabla, isogeze, la sivyo itapinda au kuvunja vishikio vyake. Hakikisha pia haigusi springi wala kifuniko cha difu. Kama umechagua ya gesi na sasa gari linavuta upande mmoja, ifungue ncha moja ujaribu tena: gesi huisukuma fimbo nje muda wote, na kuvuta kukiisha, chukua ya mafuta. Bolti zote, pamoja na zile za panadi rodi, zikazwe kwa kipimo cha kiwanda gari likiwa limekaa kwa uzito wake, na uzirudie baada ya siku chache za kuendesha.