Somo: Namna ya kukagua Nissan Leaf ya zamani kabla ya kuilipia

Ndugu wanachama, wengi wenu mmeuliza kama Nissan Leaf (gari la umeme) za toleo la kwanza, lililoanza kuuzwa Desemba 2010, zinafaa kununuliwa sasa ambapo zinaagizwa kutoka Japani kwa bei inayovutia. Zinamfaa mtu aliye tayari kupima betri, kwa sababu katika gari hili mwaka wa kutengenezwa na kilomita lilizotembea havielezi mengi kama hali ya betri inavyoeleza.

Hatua ya kwanza: piga hesabu ya safari zako. Leaf za mwanzo zina betri ya kilowati-saa 24, yaani uniti 24 kwa lugha ya LUKU. Betri iliyobakiwa na asilimia 70 ya uwezo wake ina uniti 16.8, na ukikadiria kilomita 6 kwa uniti utapata takriban kilomita 100. Ukiacha akiba ya moja ya tano, zinabaki 80. Anayetoka Mbezi kwenda Posta na kurudi zinamtosha, ila mwenye safari za Morogoro atafute gari lingine.

Hatua ya pili: hesabu vipande vya uwezo. Ukingoni mwa mita ya chaji, upande wa kulia, kuna vipande vidogo 12. Cha kwanza huzimika betri inapopoteza takriban asilimia 15, na kila kinachofuata ni asilimia 6 na kidogo, hivyo gari lenye vipande 9 limeshashuka chini ya robo tatu ya uwezo wake. Betri hii haipozwi kwa maji, na joto huizeesha. Wamiliki wa Arizona, Marekani, walilalamikia jambo hilo mwaka 2012, nasi wa Dar na Tanga hatuna budi kulitilia maanani.

Hatua ya tatu, ambayo nawasihi msiiruke: liendesheni gari lenyewe. Kumbukumbu ya kompyuta ya betri inaweza kufutwa ili vipande vyote viwake, kisha vikazimika tena wiki kadhaa baadaye, fedha zikiwa zimeshakwenda. Mwaka jana nilikwenda yadi moja na shemeji yangu, tukakuta gari lenye vipande 12 na chaji ya asilimia 100. Tuliliendesha kilomita 20 katika Barabara ya Bagamoyo, kiyoyozi kikiwa kimewashwa, tukarudi mita ikisoma 61, ilhali betri ambayo haijachoka ingetumia asilimia 15 hadi 20 tu. Shemeji alikuwa ameshakubaliana bei, na niliumia kumwona anavyokunja zile karatasi. Basi nendeni na kifaa kidogo cha kuchomeka chini ya usukani pamoja na programu ya LeafSpy kwenye simu, ambayo itaonyesha uzima wa betri na volti za jozi zake 96 za seli, yaani vibetri vidogo vinavyoiunda. Jozi moja ikishuka mbali na wenzake mnapokanyaga mafuta, msilipe.

Hatua ya nne: mwite fundi umeme akague soketi na waya wa ethi nyumbani, kwa kuwa kuchaji ni mzigo mkubwa unaodumu saa nyingi.

Gari likifaulu, raha yake ni ya kweli: halina oili ya injini ya kubadilisha, plagi wala mkanda wa injini, na breki hudumu kwa sababu mota yenyewe hupunguza mwendo huku ikirudisha umeme.

Maswali ya wanachama

Mimi ni mtumiaji mdogo wa umeme, wa chini ya uniti 75 kwa mwezi, ninayetozwa bei nafuu. Nitabaki katika kundi hilo?
Hapana, dada yangu. Kilomita 30 kwa siku ni uniti 5, yaani 150 kwa mwezi, kwa hiyo piga hesabu kwa bei ya kundi la juu, na kumbuka kuwa bei hiyo itahusu pia umeme wa taa na friji.

Mwalimu, betri iliyochoka inatengenezeka?
Ndiyo, kwa kiasi. Betri ya uniti 24 ina moduli 48, yaani vifurushi vya seli, na iliyoharibika hubadilishwa peke yake. Ikiwa zote zimechoka pamoja, kubadilisha moja hakutakusaidia.

Niagize mwenyewe au ninunue iliyopo nchini?
Gari lililozidi miaka minane hutozwa ushuru wa ziada, kwa hiyo pata hesabu kamili ya wakala wa forodha kwanza. Mimi ningenunua iliyopo, kwa sababu hiyo naweza kuiendesha kabla ya kulipa.