Hesabu au ushauri nasaha? Ionje kazi yenyewe kabla hujaomba chuo

Nafundisha Advance, yaani hesabu za juu, kidato cha tano na sita, na mimi huyohuyo ndiye mwalimu wa malezi na ushauri nasaha wa shule. Ndiyo maana matokeo yakitoka, swali la kwanza mlangoni kwangu huwa hili: "Madam, nikasome hesabu au saikolojia?" Mara nyingi anayeuliza ana C ya Advance na bweni zima humletea shida zake, basi anajiona anafaa kotekote. Huenda ni kweli. Ila usiamue kwa jina la kozi, mdogo wangu. Tenga jioni mbili.

Sifa kwanza, kwa haraka. TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, inataka principal mbili (ufaulu wa A hadi E kidato cha sita) zenye jumla ya pointi 4.0. A ni 5 na E ni 1, kwa hiyo D mbili zinafika. Hicho ni kiwango cha chini tu. Fungua mwongozo wa TCU wa mwaka wako, usome mstari wa kozi unayoitaka. Shahada ya hesabu itakudai principal ya Advance. BAM, ile hesabu nyepesi ya ziada, haikusaidii hapo, hata uwe uliipasua vipi.

Jioni ya kwanza ni ya hesabu. Kalkulasi ya mwaka wa kwanza utaitambua, lakini mbele yake kuna kozi ambazo hakuna tena "tafuta x". Unaulizwa kwa nini jambo ni kweli kwa namba zote, siku zote. Kaa na karatasi tupu, simu iwe chumba kingine, uthibitishe kwamba jumla ya namba witiri mbili ni shufwa. Ukiandika 3 na 5, kisha 7 na 9, hujathibitisha kitu hata ukifika mifano mia. Sema witiri moja ni 2a + 1, nyingine ni 2b + 1. Jumla yake ni 2(a + b + 1), basi inagawanyika kwa 2. Hiyo ni ya kupasha misuli. Sasa thibitisha kwamba namba tasa hazina mwisho. Euclid aliifanya zaidi ya miaka 2,000 iliyopita, na dokezo ni moja: zizidishe zote ulizonazo, ongeza 1. Saa ikipita hujaipata na bado hutaki kuinuka, kozi hii inakufaa. Kama dakika ya kumi ulishaingia YouTube kutafuta jibu, ni afadhali ujue leo kuliko ukiwa na sapu (mitihani ya marudio) tatu.

Jioni ya pili ni ngumu zaidi, na wengi hawaamini. Mwombe rafiki akusimulie jambo dogo linalomsumbua, dakika 20. Umekatazwa kushauri. Umekatazwa pia kusema "hata mimi yalinikuta". Akisema, "Mzee anataka niache chuo nikakae dukani," ulimi utakuwasha umwambie asikubali. Mrudishie alichosema: "Mzee anataka ukae dukani. Alivyokwambia hivyo, ulijisikiaje?" Kisha nyamaza. Kunyamaza huko ndiko kunakowashinda watu. Carl Rogers, mwanasaikolojia wa Marekani, alijenga ushauri wa namna hii tangu miaka ya 1940, na darasani utaukuta mapema. Angalizo: rafiki akitaja kutaka kujidhuru, zoezi limeishia hapo. Usimwache peke yake, na mtafuteni mtu mzima au hospitali.

Wanaokimbilia saikolojia ili waikwepe hesabu, nawaonea huruma. Takwimu zinawasubiri. Kuna dodoso la sonona liitwalo PHQ-9: maswali 9, kila moja alama 0 hadi 3, jumla ya juu 27. Kwa kawaida anayefikisha 10 huangaliwa kwa karibu zaidi. Kwa nini 10, isiwe 7? Ukishusha mstari, unawanasa wagonjwa wengi zaidi lakini unawatia hofu wazima wengi. Ukiupandisha, wagonjwa wanakupita. Mshauri asiyeelewa hilo atamsomea mteja namba kama anasoma matokeo ya mpira.

Chuo cha ushauri kiulize mambo mawili: mafunzo kwa vitendo ni saa ngapi, na nani atakusimamia ukiwa na mteja. Wakibabaika, endelea kutafuta. Tena ujue shahada ya kwanza ya saikolojia haikufanyi kuwa mwanasaikolojia tiba. Pale Muhimbili fani hiyo husomwa ngazi ya uzamili. Mweleze hilo na mzazi anayelipa ada.

Maombi unatuma chuo kwa chuo. Ukichaguliwa zaidi ya kimoja, unathibitisha kimoja mwenyewe, kwa namba maalumu inayotumwa kwenye simu. Kwa hiyo fomu ijazwe namba yako, wala si ya kijana wa steshenari anayekujazia.