Kulala Peke Yako, Kulala na Wenzako: Namna ya Kuutunza Usingizi katika Nyumba Uliyo Nayo

Mtu akiniambia kwamba usingizi umemkimbia, kabla sijamuuliza kuhusu kahawa au simu, humuuliza kwanza analala na nani. Hapa Uganda majibu hutofautiana sana. Yuko kijana aliyepanga muzigo, kile chumba kimoja katika safu ya vyumba vya kupanga, ambaye akishafunga mlango jioni hasemi na mtu hadi asubuhi. Iko familia ya watu saba inayoishi katika chumba na sebule, yuko mwanafunzi wa bweni anayelala juu kabisa katika kitanda cha ghorofa tatu, na yuko mlinzi wa usiku anayerudi kulala wakati wenzake wanaamka. Wenzako chumbani hukupa usalama, hukuwekea ratiba, na ni mashahidi wa namna unavyolala. Lakini hao hao hukunyima ukimya, giza na uhuru wa kuichagua saa yako. Anayeishi peke yake hupata wanachokosa wengine na hukosa wanachopata. Mwongozo huu unahusu namna ya kujitengenezea kile ambacho nyumba yako haikupi.

Anza na daftari. Mtu mzima anahitaji angalau saa 7 za usingizi kila usiku, na kijana wa miaka 14 hadi 17 anahitaji saa 8 hadi 10. Usingizi huenda kwa mizunguko ya dakika 90 hivi: ule mzito, unaoburudisha mwili, huwa mwingi katika nusu ya kwanza ya usiku, na ule wa ndoto huongezeka kuelekea alfajiri. Kwa sababu hiyo, anayeamshwa saa sita usiku na mwenzake aliyechelewa kurudi hapotezi kitu kile kile anachopoteza anayeamshwa saa kumi alfajiri na mtu anayejiandaa kuwahi basi. Kwa muda wa wiki moja andika kila asubuhi ulilala saa ngapi, uliamka mara ngapi, na ni nini au ni nani aliyekuamsha. Usiandike usiku wenyewe kwa kuchungulia saa, kwani kuhesabu saa gizani kunatosha kumnyima mtu hata lepe la usingizi. Kadirio la asubuhi linatosha.

Ukiishi peke yako

Mimi nilikulia katika kambi ya polisi, katika chumba kimoja kilichogawanywa kwa pazia la kitenge, tukiwa watoto watano upande mmoja na wazazi upande wa pili. Tulilala fofofo huku redio ikizungumza na buti za baba zikigonga sakafu saa nane usiku. Nilipopanga muzigo wangu wa kwanza huko Kireka, pembezoni mwa Kampala, nilidhani kwamba sasa ningelala kama pono, lakini wiki ya kwanza niligaagaa usiku kucha. Kila mara bati lilipolia juu yangu nilikaa kitako na kushika tochi. Ilinichukua siku kadhaa kufahamu kwamba mabati hutanuka kwa jua la mchana na husinyaa yanapopoa usiku, na kwamba mlio ule ulikuwapo hata kule kambini, ila huko palikuwa na watu sita wengine wa kuusikia pamoja nami.

Hali hiyo ina maelezo. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Brown, Marekani, walionyesha kwamba usiku wa kwanza mahali pageni upande mmoja wa ubongo hulala usingizi mwepesi kuliko mwingine na huitikia upesi sauti ngeni, kana kwamba umeachwa zamu. Mtu akishapazoea mahali, ulinzi huo hulegea. Kwa hiyo usijilaumu kwa woga wa siku za mwanzo. Upe ubongo wako sababu ya kutoka zamu. Weka komeo imara ndani ya mlango na ulikague mara moja tu, kwa saa ile ile, kabla ya kupanda kitandani. Keti chumbani jioni moja bila redio ukazitambue sauti za nyumba: tangi linalodondosha maji, geti la jirani, paka juu ya bati. Jitambulishe kwa majirani wa pande zote mbili, na uwe na namba ya simu ya mmoja wao ambaye unaweza kumpigia saa nane usiku bila kuona haya. Hatua hii ya mwisho ndiyo ninayoithamini kuliko zote, kwa kuwa nililala vizuri kwa mara ya kwanza usiku ule ambao mama wa chumba cha pili aliniambia kwamba nikigonga ukuta atasikia.

Ratiba ni jambo la pili. Katika familia chakula huiva, vyombo huoshwa, taa huzimwa, na mwili huelewa kwamba siku imekwisha. Anayeishi peke yake hana wa kumzimia taa. Kampala iko karibu kabisa na mstari wa ikweta, na giza huingia karibu na saa moja jioni mwaka mzima, jambo ambalo ni msaada mkubwa, kwa maana giza ndilo linaloruhusu ubongo kutoa melatonini, homoni inayoutangazia mwili kwamba usiku umefika. Mwanga mkali wa taa na wa simu karibu na uso huichelewesha homoni hiyo. Chagua saa ya kuamka na uishike hata Jumapili. Saa ya kulala itajipanga yenyewe kwa kuifuata.

Tatizo la muzigo ni kwamba kitanda kimegeuka kuwa kiti, meza ya chakula na ofisi. Tangu miaka ya 1970, kutokana na kazi ya mwanasaikolojia Richard Bootzin, waliokosa usingizi wamefundishwa kukitumia kitanda kwa kulala tu, isipokuwa kwa faragha ya ndoa, na kuinuka kila wanapokaa macho kwa dakika 20 hivi, ili mwili usizoee kukesha pale pale pa kulala. Wengi husoma ushauri huo na kuuliza: nikiinuka niende wapi, na chumba ni hiki hiki? Tandika mkeka upande wa pili wa chumba, au weka kiti kimoja kinachoutazama ukuta usio na kitanda, na ikiwezekana tundika pazia katikati. Kula huko, fanya kazi huko, na ukishindwa kulala kaa huko katika mwanga hafifu mpaka macho yawe mazito.

Hapa lazima nitoe onyo. Usiiingize sigiri yenye makaa chumbani ili kupata joto au kumalizia maharagwe huku ukijilaza. Makaa hutoa monoksidi ya kaboni, hewa isiyo na harufu wala rangi, ambayo humzidishia mtu usingizi mpaka asiamke tena, na anayelala peke yake hana wa kumtoa nje.

Kuhusu shahidi, fikiria kukoroma. Mtu ambaye pumzi yake hukatika mara kwa mara usingizini hajijui. Ni mwenzake anayesikia mkoromo ukizima ghafla, kisha ukarudi kwa mshtuko kama wa mtu anayetoka majini. Aliye peke yake huona matokeo tu: kuamka na kichwa kinachouma, kinywa kikavu, na kusinzia ndani ya teksi kila siku ingawa alilala saa 8. Iwapo unajiona hivyo, washa kinasa sauti cha simu usiku mmoja au viwili, au ukienda kwa ndugu mwombe mmoja akusikilize. Pombe huongeza kukoroma na huuvuruga usingizi wa nusu ya pili ya usiku, hivyo waragi inayonywewa ili kuuita usingizi huishia kuufukuza.

Liko pia suala la upweke, ambalo si sawa na kukaa peke yako. Mwaka 2011 yalichapishwa matokeo ya uchunguzi wa watu 95 wa jumuiya za Kikristo za Wahutteri huko South Dakota, Marekani, ambao huishi, hula na hufanya kazi pamoja. Hata miongoni mwao, waliojihisi wapweke zaidi walikuwa na usingizi uliokatikakatika zaidi. Televisheni inayoachwa ikiongea usiku kucha haiutibu upweke huo, na sauti zake hukuamsha nusunusu bila wewe kujua. Afadhali kumpigia simu dada au mama saa mbili usiku, kila usiku, au kula chakula cha jioni barazani na majirani, kuliko kulala na sauti za watu usiowajua.

Ukiishi na wenzako

Miongoni mwa Wahadzabe wanaoishi karibu na Ziwa Eyasi nchini Tanzania, watafiti walifuatilia usingizi wa watu wazima 33 kwa siku 20, na katika muda huo wote wakakuta dakika 18 tu ambapo wote walikuwa wamelala kwa pamoja. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2017. Maana yake ni kwamba katika kundi lenye wazee na vijana ni jambo la kawaida mmoja kuwa macho wakati mwingine amelala. Kwa hiyo usianze kwa kumlaumu babu anayeamka saa kumi alfajiri wala kijana asiyesinzia kabla ya saa sita usiku. Miili yao imepangwa hivyo. Mkubaliane namna ya kupishana.

Makubaliano hayo yafanyike mchana, wakati hakuna aliyekasirika, na yahusu vitu vinavyoonekana: taa kubwa inazimwa saa ngapi na ni tochi ipi inatumika baada ya hapo, anayetoka mapema ataweka wapi nguo na viatu vyake tangu jioni, simu zitachajiwa upande gani, na kengele ya nani italia. Anayechelewa kurudi au anayewahi kutoka alale karibu na mlango. Tia mafuta bawaba za mlango na komeo la geti, kwani matone machache ya mafuta yanaweza kuwarudishia watu saba usingizi wao. Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mwaka 1999 kwamba kelele za mfululizo ndani ya chumba cha kulala zisizidi desibeli 30, kiasi cha mnong'ono tu. Pamba za masikio husaidia. Kelele zikitoka kwenye baa au kwenye spika za jirani, zungumza naye kwanza, kisha umwendee mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji au mtaa, pamoja na wapangaji wengine, si peke yako.

Aliyetoka zamu ya usiku astahiwe kama mtu aliye kazini. Pazia zito, kona iliyo mbali na jiko, na saa zilizotajwa wazi ambazo watoto watacheza nje, ni haki yake.

Wenye ndoa wasihangaike sana wakiona wanageuka-geuka. Uchunguzi wa wanandoa 12 uliofanyika Ujerumani na kuchapishwa mwaka 2020 ulionyesha kwamba walipolala pamoja viungo vyao vilitikisika zaidi, lakini usingizi wa ndoto uliongezeka na haukukatizwa sana. Ikiwa shida ni shuka, kila mmoja awe na lake. Mtoto mchanga alale chali, chumba kimoja na mama lakini mahali pake pagumu pasipo na mito, na asilale kamwe kando ya mtu aliyekunywa pombe. Chandarua kiwatoshe wote na kichomekwe chini ya godoro, maana anayelala pembeni mguu ukigusa wavu huumwa na mbu na kuamka usiku.

Hali ikibadilika

Siku ngumu zaidi ni zile za kuhama kutoka hali moja hadi nyingine, na ngumu kupita zote ni za msiba. Jamaa wengi wana desturi ya kulala kwa wafiwa siku kadhaa baada ya mazishi. Ningewaomba wasiondoke wote siku moja. Abaki mmoja, kisha awe akija usiku mmoja mmoja tu, huku mjane akiendelea kulala na kuamka kwa saa alizozoea.

Ukikosa usingizi siku tatu au zaidi kwa wiki, na hali hiyo ikaendelea kwa miezi mitatu, nenda kituo cha afya na daftari lako. Ukiwa na mtu anayelala karibu nawe, mwombe akusindikize na aingie nawe kwa daktari, kwa kuwa yapo ambayo ni yeye tu aliyeyasikia.