Kabla hujanunua stabilaiza ya AC

Stabilaiza ni kifaa kinachosawazisha volti za umeme unaoingia kwenye AC. Anza na multimita, yaani kipimo cha volti; bei ziulizwe baadaye. Kama hujui umeme wa nyumbani kwako unashuka hadi volti ngapi, namba iliyoandikwa kwenye boksi haikusaidii kitu. Pima kwenye soketi ile ile ya AC kwa siku tatu au nne: alfajiri, mchana, kati ya saa moja na saa nne usiku kila nyumba inapokuwa imewasha vitu, na usiku wa manane, mzigo unapopungua na volti kupanda. Andika kipimo cha chini kabisa na cha juu kabisa.

Kila unapopima, pima mara mbili: AC ikiwa imezimwa, halafu kompresa (pampu ya gesi iliyo kwenye mashine ya nje) ikiwa inanguruma. Volti 225 zikianguka hadi 195 mara tu kompresa inapoingia, mshukiwa wa kwanza ni waya mwembamba au kiungo kilicholegea. Hapo stabilaiza huongeza ubaya badala ya kuuponya. Ili ipandishe volti inalazimika kuvuta ampea nyingi zaidi kupitia waya ule ule, waya unachemka, volti zinazidi kushuka. Mwite fundi arekebishe waya kwanza. AC ya BTU 12,000 inastahili laini yake yenyewe kutoka kwenye bodi (boksi la breka za nyumba), kwa kawaida waya wa milimita 2.5 za mraba. Za BTU 18,000 na 24,000 ni salama zaidi kwa milimita 4, hasa bodi ikiwa mbali.

Wapo ambao wakishapima hugundua hawahitaji stabilaiza kabisa. AC nyingi za inveta, zile ambazo kompresa yake hubadilisha mwendo badala ya kuwaka na kuzima, zimetengenezwa kuvumilia umeme unaopanda na kushuka. Kijitabu kikisema yako inafanya kazi kuanzia volti 160 hadi 260, na kwako umeme haujawahi kushuka chini ya 190, usijiingize kwenye gharama. Na kama kero yako ni umeme kukatika na kurudi ghafla, kinachokutosha ni kile kifaa kidogo kinachokata umeme ukizidi au ukipungua mno na kusubiri dakika kadhaa kabla ya kuurudisha. Hakipandishi volti, lakini nawe huhitaji zipandishwe.

Sasa twende kwenye ukubwa, maana hapa ndipo wengi hukosea. BTU hupima joto linaloondolewa chumbani, si umeme unaotumika: AC ya BTU 12,000 huondoa joto la kilowati 3.5 hivi kwa kutumia umeme wa kilowati moja na kidogo. Kwa hiyo soma kibandiko kilicho ubavuni mwa mashine ya nje na utafute ampea. Zikiandikwa za kawaida na za juu kabisa, chukua za juu. Tuseme ni ampea 8. Zidisha kwa volti 230, unapata VA 1,840 (VA ni volti mara ampea; kVA moja ni VA 1,000).

Usikimbilie kununua stabilaiza ya VA 2,000. Kompresa isiyo ya inveta, inapoanza tu, huvuta ampea mara kadhaa ya zile za kawaida kwa muda mfupi sana, na stabilaiza ndogo huangusha volti wakati huo huo kompresa inapozihitaji. Kompresa inashindwa kuzunguka, inapata moto, kinga yake ya joto inakata, kisha inajaribu tena. Marudio hayo ndiyo huiua. Kuna na jambo la pili: umeme ukiingia na volti 160, ili AC ipate ampea 8 kwa volti 230, stabilaiza huvuta takriban ampea 12. Ndiyo maana uwezo wake hupungua kadiri umeme unavyoshuka, na kwa zile za bei rahisi hupungua sana. Muulize muuzaji inabeba kiasi gani kwenye volti yako ya chini kabisa. Akikujibu kwa namba ya kwenye boksi, hajakujibu. Kwa kompresa ya kawaida, kVA 3 hadi 4 zinafaa BTU 12,000, kVA 4 hadi 5 kwa 18,000, na kVA 5 hadi 6 kwa 24,000. Umeme wako ukishuka sana, panda ngazi moja.

Angalia pia mahali umeme unapotokea. Stabilaiza iliyoandikwa VA 5,000 lakini ina soketi moja tu ya ampea 13 haiwezi kukupa zaidi ya VA 3,000 hivi kupitia soketi hiyo. Yenye uwezo wa kweli huwa na sehemu ya kufungia waya kwa skrubu. Inue pia: transfoma ya kVA 5 ni nzito, na boksi jepesi lina maswali ya kujibu.

Aina ya rilei, ile inayolia "tak" inapobadilisha hatua, inatosha kwa AC. Hurekebisha upesi, na tofauti ya volti chache haiisumbui kompresa. Ya sevo, ambayo mota husogeza brashi ili kurekebisha volti, ni sahihi zaidi, ila huchelewa umeme ukibadilika ghafla, na brashi zake huisha. Kisichojadiliwa ni kuchelewesha: lazima iwe na subira ya dakika 3 hadi 5 baada ya umeme kurudi, ili shinikizo la gesi pande mbili za kompresa lisawazike. Nyingine zina swichi ya kuchagua sekunde chache au dakika. Hakikisha iko kwenye dakika. Hakikisha pia inakata kabisa umeme ukitoka nje ya uwezo wake.

Ifunge kabla umeme haujagawanyika kwenda mashine ya ndani na ya nje, waya wa eathi upite hadi mwisho, na kila upande uwe na nafasi ya kupumua. Isikae chini ya mashine ya ndani, maana ipo siku itavuja. Washa kwanza bila AC, upime volti zinazotoka. Halafu unganisha AC, iache ifanye kazi nusu saa, zima, ukate breka, na uguse plagi au maungio. Uvuguvugu ni kawaida; joto la kukuondoa mkono linamaanisha kuna skrubu haijakazwa au soketi imechoka.